Nilipomiliki Reli ya Miwa

Juzi fundi wangu alikuwa akikata chuma kwa gesi kiwanjani kwangu, Ukunda. Nilikuwa nimenunua nyumba kuukuu kule Msambweni ili niivunje, na juu ya mlango wake, badala ya boriti, mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameweka kipande cha reli. Reli nyembamba, si kama hii ya gari la Nairobi. Ile yetu. Moto ulipoigusa ikatoa harufu: grisi ya zamani, kutu, na chini yake, kwa mbali, wallahi siwadanganyi, sukari iliyoungua. Fundi akasema, "Mzee, mbona chuma hiki kinanuka kaimati?" Nikamwambia azime moto. Kisha mimi, mtu mwenye malori, mimi ninayeuza mchanga na kokoto kwa hoteli za Diani ambazo zamani nisingeruhusiwa hata kupita mlangoni, nikaketi juu ya tofali kama mtoto aliyefukuzwa chuoni.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku kusini mnaikumbuka. Wadogo zetu hawaamini. Ukiwaambia palikuwa na reli iliyopita baina ya minazi na mashamba ya miwa, ikiwa na matawi yake na daraja lake na mahali pa magari kupishana, wanadhani unawasimulia habari za Ulaya. Mimi sikusoma, shule niliiacha darasa la tatu na sijutii, maana wako waliomaliza ambao leo wananiomba kazi. Lakini historia ya reli ile hakuna wa kunifundisha, kwa sababu niliiona kwa macho na nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mama alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikiuliza kwa nini nimecheleweshwa.

Nilipopata akili palikuwa na njia moja tu, kutoka kiwandani hadi mtoni. Kisha daraja likajengwa, njia ikavuka. Ilipovuka ikazaa: ikatoka Njia ya Kisimani, ikatoka Njia ya Mikoche, ikatoka na ile ndefu iliyoelekea upande wa Jego lakini ikafia mashambani haikufika. Majina hayo tuliyatia sisi. Kiwandani waliziita kwa nambari. Na kwenye ncha za matawi palikuwa na reli za kuhamishwa, vipande vifupi vilivyoungwa tayari. Watu walibeba kila kipande mabegani kama jeneza, wakakilaza pale miwa inapokatwa, na shamba likiisha wakavihamisha vyote kwenda shamba jingine. Lakini kazi hiyo ilifanywa alfajiri, nasi watoto hatukuiona. Nilichokiona mimi ni kwamba jana reli ilikuwa hapa, leo haipo, iko kule ng'ambo imelala kimya kama haijafanya kitu. Basi nikajua, kama nilivyojua jina langu, kwamba reli inatambaa. Inafuata miwa kama siafu wanavyofuata nyama. Kila nikiamka nilikwenda kwanza nyuma ya nyumba kutazama kama haijatufikia kwenye migomba.

Na mwisho wake niuseme hapa hapa, tumalizane nao. Yalikuja matrekta. La kwanza lilikwama matopeni wakati wa masika, watu wakaliimbia nyimbo za kejeli. Masika ya pili yalikuja mengine, na hayo hayakukwama. Njia ya Kisimani ikang'olewa, ikafuata ya Mikoche, ikafuata ile ya Jego. Kiwanda kikawa kinauza vyuma, na mimi, kijana ambaye hata ndevu sijaota, nikawa wa kwanza kufahamu kwamba mtu anayejenga atataka chuma juu ya mlango wake na juu ya kisima chake. Ndipo biashara yangu ilipoanzia. Walionicheka nikiburuta reli kwa punda, wengine wanazo nyumbani kwao mpaka leo.

Lakini ninachotaka kusimulia ni cha kabla ya hapo, miaka ya katikati, reli ilipokuwa na nguvu zake zote. Wakati huo ilikuwa yangu.

Dereva wa gari moshi la miwa alikuwa Mjomba Nasoro, ndugu wa Mama wa toka nitoke. Baba yangu alimwacha Mama ningali nanyonya, akaenda zake Tanga kwenye mkonge. Mama akarudi kwa nduguye, akajengewa nyumba ndogo upande mmoja wa reli. Mjomba na mkewe na mtoto wao Sele walikaa mbele kidogo, upande wa pili, pale Njia ya Mikoche inapochepuka. Mjomba alikuwa mtu mrefu mwenye masizi mpaka kwenye kope, na alivaa kofia ya kazi juu ya kofia yake ya kufuma, kwa sababu alisema ile ya chini ni ya Mungu na ya juu ni ya moshi. Akikaribia kwetu alipiga honi ndefu. Mama hutoka mbio, nami nikidhani ni kwa furaha ya kumwona kaka yake tu, kumbe alikuwa pia akiwahi kuanua nguo, maana cheche za gari lile zilikwishamtoboa kanga si moja si mbili.

Sasa, sisi Wadigo tuna mambo yetu. Siku zile wazee wengi walikuwa bado wameshika desturi ya zamani, kwamba mtu akifa mali yake haimwendei mwanawe, inamwendea mpwawe, yaani mtoto wa dada yake. Minazi yote pale kwetu Mjomba Nasoro aliipata kwa mjomba wake, si kwa baba yake. Chuoni, tulikosomea Kurani, Maalim alitufundisha vingine: mtoto ana fungu lake, limo katika Kitabu, haliguswi. Ndiyo maana hapakukosekana kesi katika kila mji. Lakini mimi sikuona kesi yoyote. Mjomba wangu ana gari. Dada yake ni mmoja, na dada huyo ana mtoto mmoja. Basi gari ni langu, na reli zake zote, ninangoja tu kukua.

Msinicheke. Nilimwona Mjomba kwa macho yangu akiliambia gari liende, likaenda. Nilimwona asubuhi akilifuta kwa pamba kama mtu anayemwogesha mwanawe. Watu wote waliliita gari la Nasoro. Tajiri wa kiwanda sikuwahi kumwona hata siku moja. Walisema yuko Mombasa. Mtu asiyeonekana anamilikije kitu?

Nami sikuwa mchoyo. Tangu utoto wangu mali nimeijua ni ya kuzunguka. Njia ya Kisimani nilimgawia rafiki yangu mmoja kwa sababu alinipa embe. Daraja nikampa mwingine, lakini nikamwekea sharti kwamba mimi nitapita bure. Rafiki yule wa Kisimani sasa ana mvi kichwa kizima, na tukikutana msikitini Msambweni huninong'oneza, "Tajiri, njia yangu umeipeleka wapi?"

Aliyeharibu mambo ni Sele. Alikuwa rika langu, mwembamba kama ufito, hodari wa kusoma. Alinikuta pale njia zinapochepuka nikiwagawia watoto mabehewa.

"Unagawa mali ya nani?"

"Yangu."

"Hiyo ni ya baba yangu."

"Ni ya mjomba wangu. Wewe utarithi kwa mjomba wako kule Waa. Ana mbuzi."

"Kwa hiyo wewe upate gari moshi, mimi nipate mbuzi?"

"Ndiyo desturi."

"Mbuzi wenyewe wana upele!"

"Utawapaka majivu."

Tulikamatana hapo hapo. Watoto wakatuachanisha, na mkubwa wao akatoa shauri kwamba neno hili si la ngumi, ni la elimu, liende kwa Maalim. Tukakubaliana. Mimi nikasema nitauliza mwenyewe, maana mwenye mali ndiye mwenye kusema.

Asubuhi ya pili chuoni, Maalim alipomaliza kutusikiliza, nikanyosha mkono.

"Maalim, Mjomba Nasoro akifa, gari lake analichukua nani, mimi au Sele?"

Maalim akaweka kifimbo chini. "Mjomba wako mgonjwa?"

"La, Maalim. Mzima."

Wakati ule ule, kule mbali, honi ikalia. Maalim akaisikiliza mpaka ikaisha. "Huyo anayepiga honi ndiye unayemgawa?"

Chuo kizima kikaangua kicheko, hata wale wadogo wa alifu-be-te ambao hawakuelewa kitu. Mimi nikacheka nao. Nilidhani amesema gari litagawanywa.

Sikujua kwamba kwetu, kumgawa mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi kwa mdomo. Neno lile lilitoka chuoni kabla yetu. Alasiri, mkaza mjomba akaja. Mwanamke huyu, Bi Mwanatumu, alikuwa akinipenda. Hakuna siku niliyopita kwake nikakosa kipande cha muhogo. Siku hiyo hakuvuka ua. Alisimama nje, leso ameikaza kiunoni.

"Wifi," alimwita Mama. "Nani anamfunza mwanao kuhesabu mali ya mume wangu?"

Mama alikuwa akikuna nazi. Akainuka kwenye mbuzi. "Mali gani, wifi? Huyu ni mtoto."

"Mtoto hunena alichokisikia ndani."

"Ndani mwangu hakuna neno hilo. Karibu uketi."

"Sikuja kuketi. Mume wangu anapanda moto kila siku. Wewe mwanao anauliza akifa itakuwaje. Mimi nimekusikia."

Akaenda zake. Mama akaniita, akaniuliza nimesema nini, nikamweleza yote kwa fahari, hadi habari za mbuzi wenye upele. Hakunipiga. Alishika kichwa akasema, "Ee Mola wangu," akarudi kukuna nazi ile ile ambayo ilikwishakwisha. Akawa anakuna kifuu kitupu.

Hata mwezi mwingine haukuandama, gari likaanguka.

Lilianguka kwenye kona ya Njia ya Mikoche, mchana, likiwa limejaa miwa. Sisi tulisikia honi iliyoanza na haikuisha. Tulipofika, gari lilikuwa limelala ubavu kama ng'ombe, linatoa mvuke kila mahali, na mabehewa yamepandana nyuma yake, na miwa imetapakaa hata huoni udongo. Harufu yake ilikuwa tamu mno. Hicho ndicho kilichonishangaza kuliko vyote, jambo la kutisha namna ile kunukia kama sikukuu. Mjomba walimtoa chini ya kuni zake, mguu umevunjika. Wakampeleka hospitali, wakamrudisha baadaye mguu umefungwa plasta nyeupe kutoka paja hadi kisigino, akalazwa chumba cha ndani.

Hapo ndipo nyumba mbili zile zikawa nchi mbili. Hakuna aliyesema neno uchawi mbele yetu, lakini wanawake waliokuwa wakiteka maji na Mama walianza kukumbuka kwamba wana haraka. Mama alikwenda kumtazama nduguye; aliambiwa mlangoni kwamba amelala. Akaenda tena, amelala. Basi akapika. Alichinja jogoo, akatengeneza supu na mkate wa kumimina, akafunika kawa, na juu yake akafunga kitambaa kwa fundo lake alilozoea, lenye masikio mawili kama sungura. Akanituma mimi nipeleke. Bi Mwanatumu alinipokea sinia mlangoni bila kunitazama. Jioni Sele akalirudisha, akaliweka kizingitini kwetu, akakimbia.

Fundo lilikuwa lile lile la masikio mawili.

Mama alipika tena kesho yake, na kesho yake nyingine, na mara zote sinia lilirudi halijafunguliwa. Nami sikuelewa. Niliuliza, "Mama, kwani Mjomba hali kuku?" Alifungua fundo, akanawa, akaketi mlangoni pale ambapo kila mpita njia angemwona, akala chakula chote peke yake, taratibu, tonge baada ya tonge, mpaka mchuzi. Hakuwa na njaa. Nilimtazama koo lake linavyofanya kazi. Nilipotaka kunyosha mkono alinizuia. "Hiki si chako leo," akasema.

Sasa mimi akili yangu ilikuwa kwenye swali jingine: kwa nini gari limeanguka? Gari langu! Kila siku lilipita kona ile, siku zote limebeba miwa, kwa nini siku ile? Kwa mawazo yangu reli ilikuwa na hiari yake, kwa hiyo nikadhani labda ilijisogeza gari likiwa juu. Labda iliona njaa. Nikaenda kuitazama. Na pale konani nani nikamkuta amechuchumaa? Sele. Tulikuwa tumekatazwa kusemezana, kwa hiyo kwanza tulisemezana kwa kuambia hewa.

"Kuna mtu amekuja kutazama reli yake," Sele akaiambia hewa.

"Kuna mtu amekuja kutazama ya mwenzake," nikajibu.

Kisha akasahau. "Hebu njoo uone huku."

Chini ya reli kuna magogo inayoyalalia, wenyewe huyaita mataruma. Njia kuu ilikuwa na ya chuma, lakini ya Mikoche ilikuwa na ya mti. Sele alikuwa ametia kidole kwenye moja, na kidole kimezama chote. Juu taruma lilikuwa zima, lina ngozi yake na misumari yake. Ndani hamna kitu, vumbi na vijia vya udongo. Mchwa! Tulikwenda la pili, hivyo hivyo. La tatu nililikanyaga likavunjika kama andazi la jana. Kona nzima ilikuwa imekaa juu ya maganda. Tulifurahi hata tukashikana mikono, maana hakuna furaha kama ya kujua kitu ambacho wakubwa hawakijui. Kwa mara ya kwanza nikafahamu vilevile kwamba reli haitambai. Kitu kilichooza chini namna ile hakiwezi kutambaa. Hilo lilinihuzunisha kidogo.

Tukajaza vipande kwenye kikapu, tukampelekea Bi Mwanatumu. Sele alimwaga kikapu miguuni pake.

"Mama, tazama. Si shangazi. Ni mchwa ndio walioangusha gari."

Bi Mwanatumu alitazama zile takataka. Mchwa mmoja mweupe alitoka akatafuta njia kwenye sakafu yake iliyofagiwa. Bi Mwanatumu akamkanyaga.

"Na mchwa," akasema, "nani aliwatuma?"

Nimeulizwa maswali na maofisa, na mabenki, na mawakili wa watu, nikayajibu yote. Hilo nililiacha pale pale sakafuni kwake. Sele naye na usomaji wake wote akaanza kuokota vipande kuvirudisha kikapuni.

Nilitoka nje, lakini sikwenda nyumbani. Nilizunguka nyuma, kwenye dirisha la chumba cha ndani. Lilikuwa dogo, la fito, na ndani kulikuwa na harufu ya dawa. Nikasema, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani? Wewe?" Sauti yake ilikuwa nzito ya kulala sana. "Mama yako mzima?"

"Mzima."

"Hajasafiri?"

"La."

Kisha, polepole, kama mtu anayeuliza asichotaka kujibiwa: "Mimi nimelala hapa na mguu huu. Dada yangu sijamwona. Hata chakula chake sijakiona."

"Anapika kila siku, Mjomba. Kinarudi."

"Kinarudi kutoka wapi?"

"Kutoka hapa."

Nilisikia kitanda cha kamba kikilia. Alikuwa amejiinua. "Kinarudije?"

"Na fundo lake."

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekwishafungua mdomo, nikaona nimalize na shauri langu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi na gari, nitalitunza, isipokuwa Sele anang'ang'ania naye ana mbuzi Waa. Mjomba akataka nirudie. Nikarudia yote, kugawa njia, embe, Maalim, honi. Kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka, na kila akicheka mguu unamuuma, akawa anasema "Aaah! Ha! Mama wee! Ha!"

"Mtoto wewe," akasema alipoweza, "gari si langu. Ni la tajiri wa kiwanda. Hata kofia hii ya juu ni yake."

"Yule wa Mombasa?"

"Yule yule."

Nikafikiri. Pigo lilikuwa kubwa, lakini mimi si mtu wa kukata tamaa upesi. "Mjomba, huyo tajiri ana dada?"

Safari hii alicheka mpaka Bi Mwanatumu akaja kutazama kuna nini. Nikatimua mbio, lakini nilimsikia nyuma yangu, naye hacheki tena: "Kamwambie dada yangu kesho apike. Asilete. Mimi nitakuja."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, tulimwona anakuja. Hangeweza kutembea wala kupanda punda kwa mguu ule. Alikuja juu ya toroli, lile toroli la watengeneza njia, ubao wenye magurudumu ya reli, wanaume wawili wa kikosi cha njia wakilisukuma. Ameketi juu ya mto, mguu mweupe ameunyosha mbele kama mzinga, kofia zote mbili kichwani. Bi Mwanatumu alikuja nyuma akitembea juu ya mataruma, akisema peke yake, na Sele nyuma yake. Kwa sababu reli ilipita mbele ya kila nyumba, hakuna nyumba ambayo watu hawakutoka. Mjomba aliwaamkia wote. Hakuwa na haraka.

Toroli likasimamishwa mbele ya kwetu. Mama alikuwa mlangoni, hajui ashike nini.

"Ingia ndani, kaka."

"Siingii. Nitakula hapa hapa njiani. Lete."

Wanaume wa kikosi wakaenda kivulini kuvuta tumbaku. Mama akaleta sinia. Mjomba alilipakata. Alilitazama lile fundo, akaligusa masikio yake, moja, la pili, na sijapata kumwona mtu mzima akitazama kitambaa namna hiyo. Akafungua. Akanawa. Majirani wote wamesimama. Akasema "Bismillahi" kwa sauti ambayo ingesikika juu ya injini, akala.

Alikula kama mtu anayerudishiwa siku zake. Alivunja mkate, akachovya, akanyonya mifupa, akamwomba Mama pilipili. Kisha akachambua paja zuri, akalinyosha kando bila kutazama nyuma.

"Mke wangu. Njoo ule. Kuku ni wa wifi yako."

Bi Mwanatumu hakusogea. Nilimwona Mama, macho ameyaangusha chini. Wakati ule ndipo nilipoelewa, kwa ghafla, kwamba ile nyama ndogo mkononi mwa Mjomba ilikuwa inashikilia nyumba zote mbili. Kama hataichukua, sisi tutahama pale. Hakuna pengine pa kwenda. Mkono wa Mjomba ulikaa hewani. Mchuzi ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Bi Mwanatumu akasogea. Akalichukua lile paja kwa ncha za vidole. Akalitia mdomoni kidogo, kama mtu anayeonja dawa, akatafuna, akatafuna, akameza. Akapangusa midomo kwa leso.

"Chumvi imezidi," akasema.

Mama akainua macho. "Wifi, ungekuja kuonja mapema ningepunguza."

Mwanamke mmoja kule nyuma akacheka puani. Kisha Bi Mwanatumu mwenyewe, ambaye alikuwa akijitahidi asicheke, uso ukamshinda. Alikaa kwenye ncha ya toroli, akamalizia paja lile, na Mama akamletea maji.

Ndipo honi ikalia upande wa kiwandani. Dereva wa muda alikuwa anakuja na mabehewa matupu, na njia tumeikalia sisi na sinia letu. Watu wakatawanyika. Bi Mwanatumu alitaka kuruka, Mjomba akamshika mkono asishuke. Kivulini, wale wanaume wa kikosi ndio kwanza walikuwa wanatafuta viatu vyao. Mjomba aligeuza shingo, akatuona mimi na Sele tumesimama nyuma ya toroli, bega kwa bega, tumeduwaa. Akasogeza kofia ya tajiri mbele kidogo juu ya macho.

"Haya, warithi," akasema. "Sukumeni."